Udada wa vyuoni usiishie kwenye joho

Kila mwaka vyuo vyetu vya magharibi mwa Kenya huwavisha mabinti joho na kofia. Iwe ni Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2015, au Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, sherehe huwa ni ile ile. Wazazi hukodi matatu, akina mama hupiga vigelegele, picha hupigwa, na jioni kila mtu hushika njia ya kwao. Wakuu wa vyuo hutaja idadi ya waliofuzu. Wanasiasa nao huwahimiza wahitimu wajiajiri wenyewe. Lakini liko swali moja ambalo halina wa kuliuliza, nalo, nionavyo mimi, lina uzito kuliko hotuba zote za siku hiyo: je, binti huyu, kuanzia kesho, atabaki na nani?

Simzungumzii mume, wala wazazi, wala ndugu wa tumbo moja. Nawazungumzia wasichana aliolala nao bweni moja kwa miaka minne, waliogawana sukari na sabuni, waliosaidiana kusoma usiku wa kuamkia mtihani, na walioficha siri za wenzao. Udada huo hauandikwi katika shahada. Hata hivyo, maisha ya mwanamke baada ya masomo hutegemea sana kama udada huo umeendelea kuishi au umezikwa siku ile ile ya mahafali.

Kule Marekani jambo hili halikuachwa lijiendee lenyewe. Vyuo vingi vina vyama vya wanafunzi wa kike ambavyo hujulikana kwa herufi za Kigiriki. Wasomaji wengi walisikia habari zake kwa mara ya kwanza Kamala Harris alipokuwa akigombea nafasi ya makamu wa rais mwaka 2020, kwani hakuchoka kuwataja akina dada wa chama alichojiunga nacho mwaka 1986 akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Chama hicho, Alpha Kappa Alpha, kilianzishwa chuoni humo mwaka 1908, na ndicho cha kwanza cha aina hiyo kuundwa na wanawake weusi. Mwaka 1913 wanafunzi wengine 22 wa chuo hicho hicho wakaunda Delta Sigma Theta. Tendo lao la kwanza mbele ya umma halikuwa dansi wala karamu. Tarehe 3 Machi mwaka huo walijiunga na maandamano makubwa ya kudai haki ya wanawake kupiga kura, ilhali baadhi ya waandalizi hawakupenda weusi waandamane bega kwa bega na wazungu.

Kinachonivutia mimi katika vyama hivyo si herufi wala rangi za mavazi. Ni kanuni moja: uanachama hauishi masomo yanapokwisha. Mhitimu hutoka katika tawi la chuo akaingia katika tawi la waliohitimu, katika mji wowote atakakofanya kazi. Hapo hutoa ada, huhudhuria mikutano na hupewa majukumu. Mwalimu kijana aliyehamia mji asiokuwa na jamaa hata mmoja aliweza kuwakuta wanawake wanaomwita dada, wanaojua nyumba ipi inapangishwa kwa bei nafuu na shule ipi inataka mwalimu. Tena walikuwa na kazi ya kufanya pamoja. Kuanzia mwaka 1935, wanachama wa Alpha Kappa Alpha, wengi wao wakiwa walimu na wauguzi, walitumia likizo zao kwenda Mississippi kuwatibu wakulima weusi maskini. Wenye mashamba walipowazuia vibarua wao kwenda kliniki, akina dada hao walipakia dawa katika magari yao wenyewe wakawafuata huko huko mashambani. Daktari Dorothy Ferebee ndiye aliyewaongoza.

Sisemi kwamba kila kitu katika vyama hivyo ni cha kuigwa. Vipo vilivyowabagua watu kwa rangi ya ngozi, kwa mali na hata kwa sura. Vipo ambavyo vimewatesa na kuwadhalilisha wageni kwa kisingizio cha kuwakaribisha, na vyuo vikalazimika kuvifunga. Mwanafunzi wa Kenya anayejua jinsi wageni wa kidato cha kwanza walivyokuwa wakionewa mabwenini hahitaji kufundishwa ubaya wa jambo hilo. Ninachosema ni kwamba punje ichukuliwe na makapi yaachwe.

Wala isidhaniwe kuwa hili ni jambo la kigeni ambalo halikupata kuota mizizi katika ardhi yetu. Makerere ilipowapokea wanafunzi wa kike wa kwanza, sita tu, mwaka 1945, wanawake wa Afrika Mashariki walianza kuonja udada wa wasomi. Hapa nchini, mfano ulio bora kuliko yote ni wa Profesa Wangari Maathai. Watu wengi humkumbuka kwa miti na kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Ni wachache wanaokumbuka mlango alioingilia.

Alipokuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Wangari alikuwa mwanachama wa Chama cha Wanawake wa Vyuo Vikuu nchini Kenya. Wakati huo wahadhiri wa kike walinyimwa baadhi ya marupurupu waliyopewa wanaume, kwa dhana kwamba mwanamke aliyeolewa hupewa nyumba na mumewe. Wangari na mwenzake wa chuo, Vertistine Mbaya, walisimama pamoja kudai haki sawa. Udugu wa wawili hao haukuishia kwenye madai ya nyumba. Miaka mingi baadaye Vertistine alikuwa bado bega kwa bega naye katika Vuguvugu la Ukanda wa Kijani.

Vyama kama hicho ndivyo vilivyokutana katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, lililoundwa mwaka 1964. Katika baraza hilo wasomi wa mjini waliketi meza moja na wanawake wa mashambani, wakawasikia wakilalamika kuhusu kuni zilizoadimika, maji yaliyopungua na watoto waliodhoofu kwa kukosa lishe. Kutokana na malalamiko hayo ndipo lilipozaliwa wazo la kupanda miti, na tarehe 5 Juni mwaka 1977 miche saba ya kwanza ikapandwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi.

Sasa tazama yaliyomfika baadaye. Ndoa yake ilivunjika mahakamani mwaka 1979. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo ili agombee kiti cha bunge, akazuiwa kugombea, na aliporudi kuomba kazi yake akaambiwa nafasi imekwisha kujazwa. Nyumba ya chuo nayo akatakiwa aihame. Mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu akawa hana mume, hana mshahara na hana nyumba. Alibaki na nini? Alibaki na lile Baraza la Wanawake, alilokuwa mwenyekiti wake tangu mwaka 1981, na ile kazi ya miti aliyoianzisha ndani yake. Hapo ndipo alipojishikiza, na hapo ndipo aliposimama tena. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ninawaomba wanafunzi wa kike wanaosoma makala haya walitafakari jambo hilo kabla ya kuvua joho.

Nirudi nyumbani sasa, hapa Matulo, katika Kaunti ya Bungoma, na katika barabara ile itokayo Webuye, ikapita Misikhu na Kiminini, hadi Kitale. Sisi watu wa huku tunaijua vyema thamani ya rika. Miongoni mwa Wabukusu, wanaume waliotahiriwa pamoja huitana bakoki, na neno hilo si la mzaha. Bakoki wako hukujia kwenye harusi, hukujia kwenye msiba, na hukukaripia ukipotoka. Hakuna anayewauliza wanaume kwa nini wanaendelea kukumbukana miaka 40 baada ya jando. Inachukuliwa kuwa ni ustaarabu.

Kwa mwanamke mambo ni tofauti. Mila inamkataza kuolewa katika ukoo wake, hivyo ndoa humhamisha. Binti wa Matulo huolewa Bokoli, Kimilili, Saboti au ng'ambo ya Nzoia, akaingia katika mji ambamo kila mwanamke aliyemtangulia ana jamaa zake na mazoea yake. Marafiki wa utotoni wametawanyika kama yeye. Akijiunga na kikundi cha akina mama cha kijiji, huingia kama mke wa fulani au mama wa fulani. Vikundi hivyo vina kazi kubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoviheshimu. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009 na mishahara ikakatika, thamani ya michango midogo midogo ya akina mama ilionekana wazi. Lakini katika shule na chuo peke yake ndiko msichana alikojulikana kwa jina lake mwenyewe, kwa akili yake na kwa tabia yake, kabla hajawa wa mtu. Wanaomkumbuka hivyo wakipotea, sehemu yake moja nayo hupotea.

Matokeo yake tunayaona. Mhitimu hukaa nyumbani miaka mitatu au minne akingoja kazi, na kwa aibu hukata mawasiliano na wenzake, ilhali mmoja wao huenda anafundisha katika shule inayomtafuta mtu wa somo lake. Mwalimu kijana huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu akapelekwa Kwale au Garissa, akajifungua mtoto wa kwanza mbali na mama mzazi, na asiwe na dada wa kumpikia uji. Mjane hufukuzwa kwenye shamba la marehemu mumewe, ijapokuwa Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika tangu mwaka 1981 na Katiba ya mwaka 2010 imempa haki sawa katika ndoa. Sheria anayo, hata kuisoma anaijua. Anachokosa ni mtu wa kuandamana naye hadi mahakamani Bungoma, wa kumlipia nauli, na wa kuketi karibu naye shemeji zake wanapomkazia macho. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe kidole cha msomi.

Najua yapo yatakayosemwa kupinga maoni haya. Wa kwanza atasema kwamba nchi hii imeumizwa mno na kujuana, na kwamba chama cha waliosoma pamoja kitakuwa mlango mwingine wa upendeleo. Hoja hiyo ni nzito, wala siidharau. Hata hivyo, kumpasha dada habari kwamba nafasi imetangazwa, kumsaidia kuandika barua ya maombi na kumwazima nauli ya kwenda kwenye mahojiano si ufisadi. Ufisadi ni kumpa nafasi asiyostahili na kumwacha nje anayestahili. Chama chenye maadili hufanya lile la kwanza na hukemea hili la pili hadharani.

Wa pili atasema kwamba udada wa namna hii utawatenga wasomi na wenzao waliokatiza masomo. Hapa nakubali kwamba hatari ipo. Wako mabinti wengi wa vijiji vyetu walioacha shule kwa sababu ya mimba, karo au ugonjwa wa wazazi, na wengine wao walikuwa wa kwanza darasani. Chama kitakachowafungia nje kitakuwa kimewaiga wale Wamarekani katika makosa yao. Yeyote aliyeketi darasani walau muhula mmoja na ahesabiwe kuwa dada. Wala asiitwe ili ahurumiwe tu, kwani huenda yeye ndiye anayejua kuendesha biashara na kutunza fedha kuliko wenye shahada. Wangari hakulipata wazo la miti maabarani. Alilipata kwa kuwasikiliza wanawake wasiokuwa na shahada hata moja.

Wa tatu atanikumbusha siasa. Ni kweli. Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza mwaka 1952 na kilichokuwa na matawi hadi vijijini, kiliunganishwa na KANU mwaka 1987, na kwa miaka kadhaa sauti yake haikuweza kutofautishwa na sauti ya chama tawala. Wanasiasa wetu wa leo ni wepisi vile vile wa kunusa mahali wanawake walipokusanyika. Huja na leso, huja na bahasha, na huondoka na chama. Kinga yake ni kanuni iandikwe tangu siku ya kwanza kwamba kiongozi wa chama hagombei kiti cha siasa akiwa bado kiongozi, na kwamba fedha za chama hutoka mifukoni mwa wanachama kwanza.

Wa nne, naye huenda ni kijana, atasema: mbona tayari tuna kundi letu la WhatsApp? Vizuri, lakini kundi la simu ni mlango tu, si nyumba. Ndani yake hupita salamu, picha za harusi na ombi la mchango mtu anapofariki. Yule aliyekosa simu au fedha za kununua vifurushi hupotea bila kuulizwa. Udada ninaousema una orodha, una siku ya kukutana na una mtu aliyepewa jukumu la kuuliza, "Fulani hajaonekana kwa miezi 6, yuko wapi?"

Basi ni nini kifanywe? Naanza na walimu, maana wao ndio wenye ufunguo. Shule zetu za wasichana, kama vile Lugulu, Misikhu na Kadinali Otunga, zimewatoa wanawake wengi ambao leo ni walimu, wauguzi, mawakili na viongozi. Shule nyingi hapa nchini huwakumbuka wanafunzi wao wa zamani pale tu zinapotaka kujenga bweni au kununua basi. Huko ni kuwageuza mabinti zetu kuwa ng'ombe wa maziwa. Mwalimu na aweke daftari la kila darasa linaloondoka, lenye jina la kila msichana, kijiji chake na namna ya kumpata, na wasichana wenyewe wachague wawili wa kulitunza. Mara moja kwa mwaka shule iwafungulie mlango, si kwa harambee, bali ili wazungumze na wasichana walio shuleni sasa. Msichana wa kidato cha pili anayetaka kuwa mhandisi hatasaidiwa na hotuba kama atakavyosaidiwa na kumwona mhandisi aliyelala katika bweni lile lile.

Wanafunzi wa vyuo nao wasingoje kuhitimu. Katika vyuo vyetu vingi vyama vinavyostawi ni vile vya wanafunzi waliotoka wilaya moja au kabila moja. Vina manufaa yake, lakini huwarudisha watu kule kule walikotoka. Udada wa chuo uwe mahali ambapo binti wa Matulo humpata dada aliyetoka Kitui, Lamu au Turkana, kwa sababu siku atakapopelekwa huko kikazi atahitaji mtu. Waanze wakiwa kumi au ishirini. Waandike wajibu kabla ya kuandika vyeo: kumtembelea aliyejifungua, kusimama na aliyefiwa, kumlipia karo ya muhula mmoja msichana mmoja wa shule ya jirani. Wakitaka kufungua akaunti ya benki, ipo Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inayowawezesha kutambuliwa na serikali. Mchango uwe mdogo kiasi kwamba hata asiye na kazi ataumudu, maana chama kinachomfukuza mtu siku anapofilisika hakistahili kuitwa cha dada.

Neno la mwisho ni kwa waume na akina baba. Wapo wanaoogopa kwamba mke mwenye dada wengi atafundishwa ukaidi. Ningependa wajiulize kama bakoki wao wamewafundisha kuwadharau wake zao. Ikiwa jibu ni hapana, basi wawape wake zao imani ile ile. Mwanamke mwenye watu wa kumshauri hufikiri vyema zaidi nyumbani, na mzigo wake haumwelemei mumewe peke yake.

Tunatumia fedha nyingi kumsomesha binti. Tunauza ng'ombe, tunakopa, tunakesha. Kisha siku ya mahafali tunamwacha peke yake, tukidhani kwamba karatasi aliyoishika inatosha kumlinda dhidi ya dunia. Karatasi hiyo ni njema, lakini haiji kumtazama mtu akiwa mgonjwa, wala haimpi shahidi mahakamani. Anayeweza kufanya hayo ni yule msichana wa kitanda cha jirani. Walimu, waandikeni majina yao kabla hawajatawanyika. Nanyi wanafunzi, msiondoke chuoni kabla hamjajua dada zenu wanakwenda wapi.